Nani Analinda Intaneti? Simulizi kwa Vijana wa Murongo

Hadithi, hadithi! Najua mmeshaitikia. Basi sogeeni karibu, wajukuu zangu wa Murongo, wa Nkwenda, wa Kaisho, na ninyi wa mbali mtakaosoma haya bila kuwahi kukanyaga wilaya yetu ya Kyerwa, Tanzania. Leo namwacha sungura apumzike, na fisi pia. Nataka kuwasimulia habari ya intaneti, hii inayopita ndani ya simu zenu usiku na mchana, na ya watu wanaojitahidi isigeuke mwiba mkononi mwa mtoto.

Huku kwetu kila jambo kubwa linaanza na mto, kwa hiyo na mimi nianzie mtoni.

Mnaujua Kagera. Maji yake yanatoka kwenye milima ya Burundi na Rwanda, yanaporomoka pale Rusumo, yanajikokota kwenye matete na mabwawa ya mpakani, kisha yanakata kona kuelekea mashariki na kutufikia hapa Murongo. Ng'ambo ni Kikagati, wilaya ya Isingiro, nchini Uganda. Kutoka hapa yanashuka hadi Kyaka, na safari inaishia Ziwa Victoria. Nchi nne, mto mmoja. Kinachotupwa huko juu kitatufikia tu, hatuulizwi kama tunakitaka.

Kuna mmea wa Amerika Kusini unaoelea juu ya maji na kutoa ua zuri la zambarau. Watu waliuleta Afrika kwa ajili ya uzuri huo, waupambie bustani na vidimbwi vyao. Mmea ukatoroka. Ukaingia mitoni, Kagera ukiwamo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaonekana Ziwa Victoria. Hayo ndiyo magugu maji. Ndani ya miaka michache mitumbwi ilikwama ufukweni, meli zikashindwa kutia nanga bandarini, samaki wakakosa hewa chini ya lile zulia la kijani, na huko Jinja mitambo ya umeme ikawa inazibwa. Serikali zikaleta mashine za kuyavuna. Wavuvi wakayang'oa kwa mikono. Katikati ya miaka ya 1990 wakaletwa wadudu wadogo jamii ya mbawakawa, kutoka hukohuko mmea ulikotoka, wayale. Yalipungua, lakini hayajaisha mpaka leo. Kung'oa mche wa kwanza kungemchukua mtu mmoja dakika moja.

Wekeni hilo akilini. Intaneti nayo ni mto wa nchi nyingi, na tofauti yake ni kwamba nchi zake zinakaribia mia mbili.

Tuseme una ndugu yako Kikagati. Ukisimama karibu na daraja unaweza kumpungia mkono akakuona. Lakini ukimtumia picha kwa simu, picha hiyo haivuki mto moja kwa moja. Inaruka hewani hadi kwenye mnara, inaingia kwenye mkongo, yaani waya mwembamba wa kioo unaobeba mwanga, na inaweza kusafiri hadi Dar es Salaam, ikazama chini ya Bahari ya Hindi, ikafika kwenye seva ya kampuni ya nje iliyo bara jingine, kisha ikarudi kwa bahari hadi Mombasa, ikapanda Kampala, ndipo ikashuka Kikagati. Ndugu yako ataiona ndani ya sekunde moja au mbili. Ametenganishwa na wewe na mto tu, lakini picha imepita kwenye mikono ya watu ambao hamtawaona maishani.

Ndiyo maana jambo likiharibika mbali, sisi wa Murongo tunalisikia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika huko kusini, upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikalegea Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine kwa siku kadhaa. Hapakuwa na adui. Waya ulikatika chini ya bahari, na mwalimu wa Kyerwa akashindwa kupakua mtihani.

Mpaka wenyewe mnaujua kuliko mimi. Ukishuka kuelekea mtoni simu inadaka mtandao wa Uganda, unaletewa ujumbe wa kukaribishwa nchi ambayo hujaingia, na salio linaanza kuliwa. Mawimbi hayajui bendera wala hayagongewi muhuri kwenye pasi.

Sasa swali la msingi. Kitu kinachopita nchi zote hizi, mkuu wake nani?

Hana mkuu mmoja, na hilo linawashangaza hata watu wazima. Zamani, intaneti ilipokuwa changa, orodha ya namba na majina yake ilitunzwa na mtu mmoja, Jon Postel, mtaalamu wa kompyuta wa California mwenye ndevu ndefu. Aliyetaka namba alimwendea Postel. Watu walimwamini, na kwa miaka mingi uaminifu huo ulitosha. Lakini mtandao wa dunia nzima hauwezi kuning'inia kwenye pumzi ya mtu mmoja. Mwaka 1998 kikaundwa chombo kinachoitwa ICANN kuichukua kazi hiyo, na Oktoba mwaka huohuo Postel akafariki dunia. Serikali ya Marekani iliendelea kuwa na mkono juu ya kazi ile hadi tarehe 1 Oktoba 2016, ilipouondoa na kuiachia jumuiya ya kimataifa ya serikali, makampuni, wataalamu na wananchi.

Majina haya si jambo dogo. Siku ya matokeo ya kidato cha nne unaandika necta.go.tz, tovuti ya Baraza la Mitihani, kwenye simu. Simu haijui NECTA inakaa wapi. Inauliza: nani anawajua wote wanaoishia na .tz? Inajibiwa. Inauliza tena hadi ipate namba ya seva yenyewe. Sasa fikiria mwovu amejipenyeza katikati na kutoa jibu la uongo. Utafikishwa kwenye ukurasa unaofanana na wa NECTA kwa kila kitu, nembo na rangi, isipokuwa huu unakudai shilingi elfu tano kabla ya kuona matokeo, na namba ya siri ya pesa za simu juu yake.

Kuzuia hilo, tangu Julai 2010 orodha ya juu kabisa ya majina ya intaneti inatiwa saini ya kidijitali, ili kompyuta iweze kutambua jibu la kweli na la kughushi. Funguo za saini hiyo zimefungiwa kwenye majengo mawili huko Marekani, moja Virginia na jingine California. Mara nne kwa mwaka watu wanakusanyika kuzitumia. Kila jengo lina watu saba wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja ana ufunguo wa kisanduku chake ndani ya sefu, na lazima wawepo angalau watatu kati yao ndipo kazi ifanyike. Shughuli nzima inarekodiwa na kurushwa mubashara, mtu yeyote duniani atazame. Hakuna anayeweza kufungua peke yake, hata awe mwema kiasi gani. Mimi naona huu ni mpango mzuri kuliko mingi iliyobuniwa na wanadamu: haukuuliza nani mtakatifu, ulipangwa ili hata asiye mtakatifu asiweze.

Namba nazo zina mgawaji wake kwa kila bara. Wa Afrika ni AFRINIC, yenye makao Mauritius, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Na hapa sitawaficha aibu ya wazee wenu. AFRINIC iliingia kwenye kesi nyingi na moja ya makampuni iliyoyapa namba, ikakaa bila bodi halali, na Septemba 2023 mahakama ya Mauritius ikaweka msimamizi. Ni Septemba 2025 ndipo wanachama walipochagua bodi mpya. Miaka yote hiyo mtandao haukuzimika, lakini bara zima lilikuwa linatembea juu ya daraja ambalo hakuna aliyekuwa akilikagua. Uongozi wa mambo haya ukipuuzwa huwezi kuona dalili mapema. Utaiona siku nguzo inapoondoka.

Kuna na mahali pa kuzungumza. Umoja wa Mataifa una Jukwaa la Utawala wa Intaneti linalokutana kila mwaka tangu 2006. Lilikuja Nairobi Septemba 2011 na Addis Ababa mwaka 2022, na Mei 2025 jukwaa la Afrika lilikutana Dar es Salaam. Halitungi sheria. Waziri anakaa, mwenye kampuni anakaa, na mwanafunzi akinyoosha mkono anapewa nafasi. Wengine wanalidharau kwa kuwa halina meno. Mimi silidharau, kwa sababu sheria nyingi mbaya hutungwa na watu ambao hawajawahi kumsikiliza atakayeishi chini ya sheria hizo.

Tuliache hilo, tuje kwenye madhara.

Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988 kijana mmoja wa chuo kikuu huko Marekani, Robert Morris, aliachia programu ndogo iliyoandikwa ijinakili yenyewe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Hakutaka kuiba. Ila alikosea hesabu: programu ikajinakili mno, mashine zikaelemewa na kuganda. Intaneti nzima wakati huo ilikuwa na kompyuta zinazokadiriwa kuwa 60,000, na inasemekana kama 6,000 ziliguswa. Wataalamu walihangaika usiku kucha, na shida yao kubwa ilikuwa kwamba hapakuwa na mtu wa kumpigia. Kila chuo kilipambana peke yake, huku dawa ikiwa imeshapatikana chuo cha jirani. Mwezi huohuo kikaanzishwa kikosi cha kwanza cha dharura za kompyuta, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh.

Vikosi vya namna hiyo sasa viko karibu kila nchi. Chetu kinaitwa TZ-CERT, kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Kazi yake kubwa haina shangwe: kupokea habari kwamba programu fulani ina tundu, kuwaonya wenye nayo, kuwasiliana na wenzao wa Kenya, Uganda, Japani, popote. Siku ikipita salama hakuna gazeti litakaloandika.

Sasa sikilizeni kisa hiki taratibu, kwa sababu ndani yake limo karibu kila ninachotaka kuwaambia.

Programu ya Windows ilikuwa na tundu. Shirika la kijasusi la Marekani, NSA, lililijua. Lingeweza kuwaambia Microsoft, wenye programu hiyo, walizibe. Badala yake lililiweka kwa siri na kulitengenezea chombo cha kuingilia kompyuta za maadui. Chombo hicho kikaibwa, na Aprili 2017 wezi wakakianika hadharani. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha kuziba tundu tarehe 14 Machi. Kiraka chenyewe hakikuwa na gharama: unabonyeza, unasubiri, unawasha upya. Ofisi nyingi duniani hazikufanya hivyo. Mmoja alisema atafanya kesho, mwingine kompyuta yake ilikuwa kuukuu, mwingine hakujua.

Tarehe 12 Mei 2017, siku ya Ijumaa, kupitia tundu lilelile, likatokea dirisha jekundu kwenye skrini. Lilisema mafaili yako yamefungwa, lipa dola 300 kwa Bitcoin, yaani pesa ya kidijitali. Pembeni kulikuwa na saa mbili zikihesabu kurudi nyuma: ya kwanza ikifika sifuri bei inapanda, ya pili ikifika sifuri mafaili yanapotea moja kwa moja. Jina lake WannaCry. Kwa siku chache liliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150. Nchini Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani, magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine, na inakadiriwa miadi zaidi ya 19,000 ilivunjwa. Mtu aliyefunga tangu usiku akisubiri upasuaji aliambiwa arudi nyumbani.

Aliyelipunguza kasi ni kijana wa miaka 22, Marcus Hutchins, aliyekuwa akiichambua programu ile nyumbani kwao kusini magharibi mwa Uingereza. Aligundua kwamba kabla ya kushambulia inaita anwani moja ya ajabu ya intaneti ambayo haikuwa na mwenyewe. Akainunua kwa dola zisizozidi 11. Kila nakala iliyoita anwani ile na kujibiwa ikanyamaza. Baadaye mwaka huo Marekani na Uingereza zilisema Korea Kaskazini ndiyo iliyohusika.

Hesabuni wenyewe. Kuanzia 14 Machi hadi 12 Mei ni siku 59. Kwa siku zote hizo dawa ilikuwepo, ya bure, mezani.

Watu wengi wakisikia usalama wa mtandao wanafikiria polisi na pingu. Pingu zina kazi yake. Kati ya tarehe 2 Septemba na 31 Oktoba 2024 Interpol, shirika la polisi la kimataifa, iliendesha msako katika nchi 19 za Afrika, Tanzania ikiwamo, na msako wenyewe ukapewa jina la Serengeti. Watuhumiwa 1,006 walikamatwa. Nilifurahi niliposikia. Kisha nikasikia kwamba watu zaidi ya 35,000 walikuwa wameshaumizwa na dola karibu milioni 193 zimeshapotea. Aliyeuza kahawa yake ya mwaka mzima akatapeliwa hapati nafuu kubwa kwa kusikia kuna mtu yuko rumande mji asioujua.

Majirani zetu Kenya walilionja hili Julai 2023. Wana mfumo unaoitwa eCitizen, ambao huduma za serikali zaidi ya 5,000 zinapatikana humo: pasipoti, leseni, viza. Wadukuzi waliojiita Anonymous Sudan waliumiminia mfumo maombi ya uongo, mengi kwa mpigo, hadi maombi ya kweli yakakosa nafasi ya kupita. Wasafiri wakakwama, serikali ikaamua wageni wapewe viza wakifika. Oktoba 2024 ikatangazwa kwamba ndugu wawili raia wa Sudan wameshtakiwa Marekani, California, kwa mashambulizi ya kundi hilo sehemu nyingi za dunia. Angalieni mlolongo huo: walioumizwa wako Nairobi, watuhumiwa ni wa Sudan, mahakama iko ng'ambo ya bahari. Nchi moja ingefanya nini peke yake?

Ndiyo sababu wakubwa wanakaa mezani. Mwaka 2015 wataalamu wa nchi 20 waliokaa chini ya Umoja wa Mataifa, Kenya ikiwa mojawapo, walikubaliana kanuni 11 za mwenendo wa nchi kwenye mtandao wakati wa amani. Nchi isiharibu mifumo ya nchi nyingine inayobeba uhai wa watu, kama umeme na maji. Isivishambulie vikosi vya dharura za kompyuta vya wengine, wala isivitumie vyake kudhuru. Ikijua ardhi yake inatumika kudhuru wengine, isikae kimya. Hiyo ya mwisho mtoto wa Murongo anaielewa bila mwalimu, kwa kuwa amekulia upande wa chini wa mto. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mkataba wake wa usalama wa mtandao huko Malabo, Guinea ya Ikweta, Juni 2014, lakini ulihitaji nchi 15 ziuridhie, na haukuanza kutumika hadi Juni 2023. Miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa siku mkataba unapitishwa alikuwa ameshajua kusoma. Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa dunia nzima dhidi ya uhalifu wa mtandao tarehe 24 Desemba 2024, na nchi zikaanza kuutia saini Hanoi, Vietnam, Oktoba 2025.

Hapa nawaomba msikilize kwa masikio yote mawili. Wapo watetezi wa haki wanaouogopa mkataba huo wa Hanoi, na hoja yao ina uzito: sheria inayoruhusu serikali kuomba taarifa za watu kuvuka mipaka inaweza kumnasa mwizi, na inaweza pia kumnasa mwandishi wa habari. Na kuna serikali zinazodhani usalama ni kufunga bomba. Uganda ilizima intaneti Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Kwetu Tanzania ilizimwa kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Intaneti ikizimwa, mgonjwa hapati pesa ya dawa, mfanyabiashara halipwi, na mzazi hajui mwanawe yuko wapi. Mimi siuiti huo usalama.

Tunavyo na vya kujivunia. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Katika sheria hiyo, taarifa zinazohusu watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na alama za vidole na miamala ya fedha. Maana yake jina lako, picha yako, shule yako, si mali ya kila mwenye daftari la wageni au ukurasa wa Facebook. Mtu mzima akikuomba hizo, una haki ya kumuuliza za nini.

Na kama kuna anayesema nchi mbili haziwezi kutunza kitu kimoja, mwonesheni mto. Pale Kikagati na Murongo pamejengwa kituo cha umeme wa maji cha megawati 14, na umeme wake unagawanywa sawa kwa sawa kati ya Uganda na Tanzania. Mitambo isingezunguka bila watu kukaa, kubishana, kuandika na kusaini kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Turudi kwenye simu ya mama yako.

Haihitaji kuwa simu janja. Hata kitochi kinafikiwa. Ujumbe unaingia: "Ile pesa itume kwenye namba hii, jina litakuja…" Haumtaji mtu, hautaji deni, na hapo ndipo ulipo ujanja. Tapeli hamjui mama yako. Ametuma kwa watu mia tano, akijua kati yao yupo anayedaiwa kweli leo, pengine ada ya mtoto, pengine hela ya mbolea, na huyo atatuma bila kupiga simu kuuliza. Msimu wa kahawa ndio mbaya zaidi kwa sababu simu zina pesa. Kuna na yule anayepiga akijifanya wa huduma kwa wateja: sauti nzuri, anakuita kwa jina lako, anasema laini itafungwa, anaomba namba ya uhakiki iliyoingia sasa hivi kwenye simu. Ukimsomea namba hiyo umempa ufunguo. Na kuna yule wa "nimetuma kimakosa, naomba unirudishie", wakati ujumbe wa muamala ameuandika mwenyewe kwa kidole chake. Usiangalie ujumbe, angalia salio.

Bibi zenu wengi hawajapata mtu wa kuwaeleza haya bila kuwacheka. Nyinyi ndio mnaojua simu ndani ya nyumba. Mkae nao, muwaeleze kwa Kinyambo wakitaka, kwa heshima, na mrudie bila kuchoka. Tapeli hutegemea sana mtu aliyetapeliwa jana kuona haya na kunyamaza, ili leo amrudie jirani yake.

Basi jioni ya leo mfanye mambo manne. Mwombeni mzazi simu, mkiwa naye, mpige *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa cha NIDA. Kama kuna namba asiyoijua, aende kwa mtoa huduma ikafutwe, kwa sababu laini ya kitapeli yenye jina lake ni mzigo wake. Ujumbe wowote wa kitapeli mkiuona, msiufute kimyakimya, uripotini kwenda 15040, namba ya TCRA kwa kazi hiyo, ili namba ile ifungiwe kabla haijamfikia mtu wa Kaisho au Bukoba. Simu ikiomba kusasisha programu, na ni simu yenyewe inayoomba, si kiungo kilichotumwa na mtu, ikubalieni bando likiruhusu. Na namba ya siri ya mama ibaki ya mama. Hata wewe mwanawe usiijue.